Kimeo Hakikuwa na Kosa

Sauti ya mume wangu ilianza kukwaruza baada ya Pasaka, na sote tukailaumu kwaya. Masalu alikuwa akiimba besi parokiani kwa miaka mingi kuliko umri wa padre wetu, na Kwaresima ile walifanya mazoezi kama watu wanaotaka kumtoa mtu pepo. Nikamwambia apunguze kelele, Mungu si kiziwi. Nikamchemshia tangawizi, nikamkamulia limao, nikamtafutia asali ya Sikonge kwa mama mmoja pale sokoni. Alikunywa vyote bila kulalamika na sauti ikabaki vile vile.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi anachemsha tangawizi hiyo hiyo. Mimi si mganga wala si nesi. Maisha yangu yote nimepika, kwanza kwenye kibanda changu cha chakula nje ya kiwanda cha mafuta ya pamba kule Nyakato, na baadaye nyumbani kwetu Mabatini. Masalu alikuwa fundi wa boila kwenye kiwanda hicho. Alikuja kula maharage kwangu akiwa kijana mwenye mikono ya grisi, akaendelea kuja mpaka mama yangu akamuuliza kama ana nia au ana njaa. Alikuwa na vyote viwili. Tukazaa mapacha, Kulwa na Doto, na watu wakaniita Mama Kulwa mpaka leo.

Kitu kimoja lazima ukijue kuhusu huyu mzee, vinginevyo hutaelewa kilichotokea. Mtaani kwetu mtu akifa, jeneza haliondoki nyumbani kabla wasifu wa marehemu haujasomwa mbele ya watu, na msomaji alikuwa Masalu. Tena hakuwa anasoma tu, alikuwa anauandika yeye. Alikuwa akitoka kiwandani anaoga, anakwenda msibani, anakaa na wafiwa na kuwauliza habari za mtu wao taratibu, mpaka wanasahau kulia na kuanza kusimulia. Kuna mlevi mmoja aliyeshindikana mtaa mzima, alipokufa ndugu zake walisema hakuna la kusoma. Masalu akagundua kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akiwachimbia wajane vyoo bila malipo, na siku ya mazishi watu walilia kwa uchungu wa kweli. Kazi hiyo aliifanya tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na hakuwahi kukataa msiba wa mtu, awe Mkristo, awe Mwislamu ambaye familia yake imemwomba aseme mawili matatu, awe mtu asiyejulikana anaabudu nini.

Ila kulikuwa na sehemu moja ambayo hakuiandika kamwe, nayo ni ugonjwa. Utakuwa umeisikia mara nyingi: marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi, akapatiwa matibabu sehemu mbalimbali, hadi mauti yalipomfika. Basi. Maradhi gani, tangu lini, walikwenda wapi kwanza, hayo hayasemwi. Wafiwa hawataki, na Masalu aliwaheshimu wafiwa.

Kiangazi kilipoingia sauti ikawa ya kunong'ona, na kikohozi kikavu kikaongezeka. Hapo ndipo aliposhuka wifi yangu Kabula kutoka Bujora. Kabula ni dada mkubwa wa Masalu. Mama yao alifariki Masalu akiwa bado ananyonya, na huyu Kabula, msichana wa kuchunga ndama, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia viazi, akamlea mpaka akaenda shule. Masalu angeweza kubishana na meneja wa kiwanda, lakini dada yake akisema keti, anaketi.

Kabula akamwambia afungue mdomo, akaangalia kwa tochi ya simu.

"Kimeo kimeshuka," akasema. "Si unaona kinalala kwenye ulimi? Hiki ndicho kinamkwaruza."

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya mdomo. Kwetu sisi, mtu akikohoa muda mrefu, kabla ya kitu kingine chochote wazee wataangalia kimeo, na wakiona kirefu watasema kikatwe. Watoto wengi wa rika langu walikatwa. Nilimwambia Kabula kwamba mimi ningependa tuanze hospitali.

"Hospitali watakupa vidonge vya kikohozi, wifi. Vidonge amekunywa vingapi?"

Hilo lilikuwa kweli, alikuwa amekunywa vingi. Wiki iliyofuata nilipokuwa kwenye msiba wa jirani nikipika, waliondoka wawili wakaenda kwa mzee mmoja upande wa huko kwao anayejulikana kwa kazi hiyo. Nilimkuta Masalu jioni amekaa uani na kitambaa chenye damu mdomoni, dada yake anampepea. Nikakasirika. Lakini baada ya siku chache kikohozi kikapungua, sijui kwa nini, na Masalu mwenyewe akasema anajisikia mwepesi. Tukamshukuru Mungu. Tukakaa na shukrani hizo miezi ya kiangazi yote, huku kitu kikikua.

Mvua za vuli zilimkuta anashindwa kupanda ngazi za kanisa bila kusimama. Akilala, pumzi inapiga filimbi. Kulwa, binti yetu anayeuza vitenge hapo hapo Mabatini, alifunga duka asubuhi moja, akaja na gari ya jirani, akasema, "Baba, leo tunakwenda, na sikuulizi." Tukapanda hadi hospitali kubwa ya kilimani, mimi, yeye na baba yake.

Daktari alikuwa binti mdogo, amesuka nywele kama mwanafunzi wa sekondari. Alimsalimia "Shikamoo baba" akaanza kumwangalia kooni. Akasogeza taa.

"Baba, kimeo chako kiko wapi?"

Masalu akaniangalia. Mimi nikaangalia dirisha. Kulwa ndiye aliyesema.

Daktari hakufoka. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, nikakosa pa kuuweka ule utayari wangu. Alivua glovu, akakaa, akasema kwa upole, "Kimeo hakikuwa na kosa lolote, baba. Tatizo liko chini zaidi, kwenye kisanduku cha sauti. Lilikuwa linataka kuonekana mapema." Wakakata kipande kidogo, kikapimwa, jibu likarudi karibu na Krismasi. Ilikuwa saratani ya koo.

Kabla ya dawa yoyote walimtoboa tundu shingoni, wakaweka mrija ili apumue. Sauti ikakatika siku hiyo. Mtu ambaye nusu ya mtaa walizikwa kwa sauti yake alirudi wodini akiwa kimya, anatoa mlio wa hewa tu. Nilitoka nje, nikashika ukuta, nikalia mpaka mama mmoja wa Ukerewe, ambaye mumewe alikuwa kitanda cha jirani, akanishika mkono akanirudisha.  Tulikaa kwenye mkeka wake mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Mama yule na mimi tulipika pamoja, tukafua pamoja, na mume wake alipotangulia kufa mimi ndiye niliyemfunga mama yule kitambaa kichwani kwa sababu mikono yake ilikuwa haimtii.

Nitakuambia mambo ambayo hakuna aliyeniambia mimi. Mrija unasafishwa, na utaogopa, na mara ya kwanza mikono itatetemeka, na mara ya kumi utakuwa unaongea habari za bei ya nyanya huku unausafisha. Hewa ya vumbi ni adui, funga kitambaa chepesi chenye maji shingoni. Akikohoa, toka mbele yake. Usicheke anapopuliza mshumaa na mshumaa hauzimiki, kwa sababu hewa haipiti tena mdomoni. Au cheka, kama yeye ameanza. Sisi tulicheka.

Mionzi ilianza na mvua za masika. Tulikuwa tunafika asubuhi, tunakaa kwenye mabenchi na wenzetu kutoka Geita, Musoma, Bariadi, kila mmoja na chupa yake ya chai na kanga ya kujifunika. Pale watu hawaulizani unaumwa nini, wanaulizana umebakiza mara ngapi. Ngozi ya shingo ikaiva, ikawa nyeusi kama sehemu ya sufuria inayokaa motoni, kisha ikachubuka. Ndevu zikatoka upande mmoja. Mate yakawa mazito kama utomvu. Michembe ya karanga, vile viazi vikavu vya kwetu, ambayo alikuwa anaila kama mtoto, aliiangalia akageuza uso. Nilisaga, nilichuja, nilichemsha supu ya sato mpaka samaki mwenyewe hajulikani alipo, na bado kijiko kimoja kilichukua muda wa kusali rozari. Alikonda mpaka shati la kwaya likawa la mtu mwingine.

Alikuwa akiniandikia ujumbe kwenye simu hali nimekaa pembeni yake. "Mama Kulwa chai ya moto mno." "Mama Kulwa huyo nesi mpya anatembea kama askari." Kwa jambo zito tu ndipo aliziba lile tundu kwa kidole, akasukuma maneno machache yatoke juu. Yalimchosha sana, kwa hiyo aliyachagua.

Kabula alikuja kila wiki na maziwa mgando kwenye kibuyu. Nilimpokea kibuyu, nikajibu salamu, nikaondoka kwenda kufua vilivyo safi. Sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa na la kumpigia kelele, lakini wodini kelele haziruhusiwi. Alikaa kwenye ncha ya kitanda akimkanda mdogo wake miguu, hanitazami. Masalu akaniandikia: "Ongea na dada." Nikamjibu kwa mdomo, "Ongea naye wewe." Aliposikia hivyo akafumba macho, na mimi nikatamani kulimeza neno lile.

Kiangazi kilipoingia tena alipata nafuu. Naomba ukipewa msimu kama huo uutumie wote. Tulikwenda kanisani. Tulikwenda kukaa kwenye mawe ya ziwani, akanyoosha miguu majini, akawaangalia watoto wanaochota maji na kupigana. Wanakwaya walikuja nyumbani wakaimba uani, yeye kwenye kiti, na nilimwona anagonga besi yake kwa vidole kwenye mkono wa kiti, haachi hata noti moja. Mwalimu wa kwaya akashindwa kuendelea, akageukia ukutani. Masalu akampungia mkono kwa hasira kwamba aendelee.

Vuli ikarudi, na uvimbe ukarudi nayo, upande wa shingo. Daktari yule yule alitukalisha, akasema sasa tumwangalie asiumie, akae na watu wake. Nilimshukuru. Sikujua kama ninashukuru kwa lipi.

Siku ya Jumapili, baada ya padre kumpaka mafuta ya wagonjwa, Masalu aliashiria kwamba tubaki. Tulikuwa mimi, Kulwa, Doto aliyekuja kutoka Kahama, Kabula, na Magesa, jirani yetu wa Mara aliyekuwa amerithi kazi ya kusoma wasifu. Akaziba tundu.

"Wasifu wangu... semeni ugonjwa."

Akapumzika. 

"Koo. Sauti tangu Pasaka ile. Kimeo. Semeni yote."

Magesa akasema, "Mzee, tutasema uliugua kwa..."

Masalu akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka kikohozi kikamshika. Tulipomaliza kumsafisha akaziba tena. "Nimewafichia wengi. Wakaja wengine nyuma yao. Njia ile ile."

Hakumtazama dada yake. Kabula aliinuka akajifunga kitenge vizuri, akatoka nje, na nilimwona kupitia dirishani amesimama kwenye kamba ya nguo anazishika nguo zilizokauka moja moja bila kuzianua.

Alifariki alfajiri ya siku ya kawaida tu, jogoo wa jirani akiwika, mkono wake kwenye wangu. Nilijua alivyokuwa anavuta hewa, nikangoja ifuate nyingine, haikufuata. Nilimfunga kitambaa kile chepesi shingoni kufunika tundu kabla sijawaita watoto. Nilikuwa nimeolewa naye tangu nikiwa msichana. Sikumbuki nilipiga kelele namna gani, nimeambiwa tu.

Na kwenye turubai la msiba ndipo vita vyenyewe vilipokuwa. Magesa alikuja na karatasi. Doto akasema wazi, "Mama, neno la kimeo litoke. Shangazi ataishije Bujora? Kila atakayemwona kisimani atasema ndiye aliyemuua mdogo wake." Kulwa akasema baba ameagiza. Wazee wa jumuiya wakakohoa, wakasema kwa kawaida haya mambo hayasemwi. Wakanigeukia mimi niliye mjane.

Ningependa kukuambia nilimfikiria Masalu peke yake. Nilimfikiria pia Kabula, na sehemu ya moyo wangu ilitaka kusikia neno lile likisomwa kwa kipaza sauti mbele ya watu wote, limpige. Kwa sababu hiyo hiyo sikuiamini sauti yangu. Kama ningesema lisomwe, ningekuwa natimiza agizo la mume wangu au nalipa kisasi kwenye jeneza lake? Nikamwambia Magesa, "Taja saratani ya koo. Kimeo kiache." Kulwa akaondoka pale. Nikabaki na huzuni mbili, ya kumpoteza na ya kumpunguzia lile la mwisho aliloomba.

Watu walijaa mpaka barabarani. Wa kiwandani wa zamani walikuja, wengine kwa mikongojo. Wajane waliochimbiwa vyoo na yule mlevi, watoto wa kila msiba aliowahi kuusomea, wote walikuja. Magesa akasoma: kuzaliwa, shule, kiwanda, ndoa, kwaya, wafu aliowasitiri kwa maneno mazuri. Akafika kwenye ugonjwa. Akasema marehemu alisumbuliwa na saratani ya koo, na uwanja ukatulia, maana hata hilo ni jambo lisilozoeleka. Akavuta pumzi aendelee.

"Subiri, baba," akasema Kabula.

Alikuwa amekaa chini upande wa kichwa cha jeneza. Akainuka kwa shida, akashika ukingo wa jeneza, akakataa kipaza sauti.

"Mimi ndiye dada yake. Nimemlea huyu. Sauti ilipomkauka nikamwambia ni kimeo. Nikampeleka mwenyewe, nikamshika kichwa akakatwa. Tukakaa kiangazi chote tunafurahi. Hospitali wakasema tungekuja mapema." Akawageukia watu. "Ameomba msikie. Nyie mnaokohoa humu, msinifuate mimi."

Hakuna anayejua la kufanya baada ya maneno kama hayo. Kwenye utaratibu wa mazishi hayana kiitikio. Magesa alikuwa ameshika karatasi, wazee wanaangalia viatu vyao, na Kabula akabaki amesimama peke yake mbele ya mtaa mzima. Mjane kwetu hainuki kwenye mkeka. Niliinuka. Nilikwenda nikamshika kiunoni, akawa mwepesi kuliko nilivyotegemea, nikamleta nikamkalisha pembeni yangu, nikamfunika nusu ya kanga yangu. Hapo ndipo nilipolia kilio cha kwanza ninachokikumbuka tangu afariki. Magesa akaendelea, na pale palipoandikwa kwamba marehemu ameacha mjane na watoto, akaongeza kwa kichwa chake, "na dada aliyemlea."

Sijapona huzuni hii na sikudanganyi kwamba utapona ya kwako. Bado naweka vikombe viwili. Bado nikisikia besi kanisani natoka nje kidogo. Lakini ukimwona mtu wako sauti inamkauka na hairudi, mwachie mwingine achemshe tangawizi, wewe mpeleke.

Siku ya kuanua tanga ndugu wote walikuwa wamefika, ng'ombe ameshachinjwa, masufuria yako motoni, na Kabula haonekani. Doto akaanza kuwa na wasiwasi. Kwa kweli hata mimi nilianza kumhofia. Mchana simu yangu ikalia.

"Wifi, msinisubiri," akasema. Nyuma yake nilisikia watu wengi na mtu anaita majina. "Niko huku juu hospitali. Kuna mwanamume wa hapo kwetu, sauti imemkauka tangu mavuno. Nimewakuta asubuhi, nduguze watatu wanampeleka kwa yule mzee wa kimeo. Nimesimama njiani, nimekataa."

"Wamekubali?"

"Wamenitukana kidogo. Sasa wamekaa hapa na mimi, bado hatujaitwa."

Nikakata simu, nikarudi jikoni kwa wanawake, nikawaambia wamfunikie Kabula chakula chake, na wafunike na cha wale wanne alio nao.